Ala ya mzee wa machungwa

Nashona viatu na mikanda hapa Ngamiani, lakini ala ya bastola sikuwahi kuombwa mpaka mwezi uliopita. Alikuja mzee anayenunua machungwa Muheza kwa fedha taslimu. "Fundi, nataka kuivaa ndani ya suruali, shati juu, hata mama watoto asiione." Nikamwambia mzee wangu, kwanza nione kitabu cha leseni. Akacheka, akakitoa. Akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, akavuta slaidi, chuma cha juu kinachoteleza, akaniambia nichungulie chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Tupu. Ndipo nikaishika.

Glock 19. Nilitegemea zigo la chuma. Kumbe kishikio ni plastiki ngumu, na bila magazini ina gramu 600 hivi. Urefu sentimita 18 na nusu, slaidi unene wake milimita 25 na nusu. Risasi 15 za milimita 9 zinakaa ndani ya kishikio kwa safu mbili zinazopishana, ndiyo maana kimenenepa. Na hicho kishikio ndicho kinachojichora kwenye shati mtu akiinama, wala si mtutu. Mwanawe alimshauri achukue Glock 43, nyembamba, risasi zake 6 kwa safu moja. Kakataa. Kwa joto la Tanga na mashati mepesi tunayovaa, mimi ningemsikiliza kijana, ila sikuulizwa.

Eti Gaston Glock wa Austria, kabla ya bastola, alikuwa akitengeneza visu na vyuma vya mapazia. Hapo nilifurahi. Fundi mwenzetu.

Sasa niseme langu. Nilitafuta pembeni kile kidude cha kufungia bastola isifyatuke, sikukiona. Hakipo. Kinga mojawapo imo kwenye kifyatulio chenyewe, kiulimi chembamba katikati. Kikibonyezwa, kifyatulio nacho kinaachia. Mimi nikashona ala ya ngozi ya mbuzi, laini kama pochi, nikajiona bingwa. Mzee akahakikisha tena bastola ni tupu, akaijaribu. Mdomo wa ala ukajikunja kwa ndani, ngozi ikaingia kwenye kifyatulio, naye bado anasukuma. Ka! Wote wawili tukatazama paja lake. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Ile ya mbuzi niliikata vipande mbele yake. Nikachukua ngozi nene ya ng'ombe, nikailoweka, nikaikandamiza juu ya kipande cha mninga nilichochonga kwa vipimo vilevile, ikakauka na umbo lake. Kifyatulio chote kimefunikwa. Mdomoni nimeongeza ukanda mgumu, ubaki wazi hata bastola ikitolewa. Upande wa mwilini ngozi nimeipandisha mpaka juu ya slaidi, maana jasho letu la pwani lina chumvi na chuma hakilipendi.

Akalipa, akaivaa, shati juu. Nikaridhika. Alipoinama kupanda bodaboda, kishikio kikajichora mgongoni kama kiazi ndani ya soksi.