Bembea ya kwa bibi na fizikia ya fomu wani

Juzi mpwa wangu kanijia na daftari, mjomba kesho tuna tesiti ya nishati na mimi sielewi kitu. Nikamwambia haya nisomee, akasoma maana ya potensho eneji kwa Kiingereza bila kukosea hata neno, nikamuuliza sasa hiyo ni nini, kimya. Iliniuma kwa kweli, mtoto ana akili ila kakaririshwa tu.

Nikakumbuka kwenye simu nina video za Krismasi tulipoenda kwa bibi kule Muheza, moja yuko mpwa wangu mwenyewe kwenye bembea ya kamba chini ya mwembe, wadogo zake wanapiga kelele pembeni. Nikaipeleka pole pole nikaisimamisha pale bembea ilipofika juu kabisa kabla haijarudi. Hapo una spidi gani? Sina, nimesimama. Sasa mbona haijaisha hata sekunde moja uko huku chini gauni linapepea hivyo, hiyo spidi imetoka wapi? Akaangalia weee, akasema imetoka kule juu. Eeh, ile ya juu ndo nishati tuli, hiyo potensho eneji yako, ikishuka inageuka nishati mwendo.

Tukaenda na hesabu kabisa. Nyuma yake kuna ukuta wa tofali haujapigwa plasta, kozi moja (mstari mmoja wa tofali) na udongo wake ni kama sentimita 25, na toka bembea ikiwa chini mpaka juu tulihesabu kozi 5, yaani mita 1.25. Yeye ana kilo 40, zidisha kwa 10 ya mvutano wa dunia zidisha kwa 1.25, jouli 500, jouli ndo kipimo cha nishati. Nishati mwendo ni nusu ya kilo zidisha spidi zidisha spidi tena, kwa hiyo zikigeuka zote kuwa mwendo anatakiwa apite chini kwa mita 5 kwa sekunde, maana 20 mara 5 mara 5 ni 500. Video ina picha 30 kila sekunde, tukasogeza moja moja, kila picha anahama kama sentimita 16, ikaja mita 4.8 kwa sekunde! Alishika mdomo. Kilichopungua kimeliwa na upepo na kamba inayosugua tawi, na sisi nasi tumepima kwa macho. Ukijaribu nyumbani tafuta video ambayo simu haikutikisika na ukuta uwe karibu na mtoto, ukiwa mbali vipimo vitakudanganya.

Halafu akaniuliza, mbona mwanzo nilikuwa nimekaa tu chini, hizo jouli nilizipata wapi? Nikarudisha video mwanzo kabisa, mikono ya bibi inaonekana mgongoni kwake inasukuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema kumbe zilikuwa za bibi.