Kusi liliangusha ua wangu wa mabati, nikajenga wa kumba

Nyumba yetu iko Kigamboni, upande wa Gezaulole, juu ya mchanga mtupu. Nyuma kuna jiko la nje, bafu la nje na kamba ya kuanikia nguo, na nyuma ya hivyo vyote kuna kijia ambacho mtaa mzima unakipita kwenda dukani. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Mke wangu akitoka bafuni na khanga yake lazima asalimiwe na mtu, na mimi mwenyewe nimewahi kuulizwa kama mchele umepanda bei nikiwa na taulo kiunoni na povu sikioni. Tukazoea. Ndipo mama mkwe akapiga simu kutoka Tanga: goti linamsumbua, anakuja kukaa kwetu miezi miwili.

Aliyeoa atanielewa. Bafu lile, kijia kile, halafu mama mkwe! Nikaapa ua utasimama kabla hajashuka kwenye basi.

Ushauri ulimiminika kama mvua ya masika. Huyu ananiambia jenga ukuta wa matofali, kana kwamba nilikuwa sijui kwamba matofali yapo. Nilipiga hesabu ya saruji, nondo na fundi, ilipovuka milioni nne nikakunja karatasi. Yule ananiambia panda minyaa. Minyaa ni ua mzuri, ila mama mkwe anakuja mwezi ujao, siyo mwaka keshokutwa, na utomvu wake ukimwingia mtoto jichoni utaijua njia ya hospitali usiku. Wa tatu alikuwa fundi mwenyewe. "Bosi, usijitese. Mirunda na mabati, siku mbili nimekukabidhi."

Kweli alinikabidhi kwa siku mbili. Mabati ya geji 32, mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho, yamesimama futi 6 kutoka kona hadi kona. Nilipiga picha nikamtumia kila mtu, hadi watu nisiosalimiana nao.

Ilikuwa Juni. Wanaokaa pwani wanajua Juni ni kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, na kusi halibishi hodi. Saa nane usiku nikasikia kishindo kama lori linamwaga kokoto kitandani kwangu. Nikatoka na tochi. Upande wote wa nyuma umelala kifudifudi juu ya banda la kuku la jirani, na bati moja bado limeshikwa na msumari mmoja, linapiga makofi. Nikalikimbilia nilishike. Sijui nilidhani nitafanya nini. Upepo ulilijaza, likanikokota hatua tano sita, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, huku jirani amesimama mlangoni kwake ananimulika bila kusema neno. Jogoo wake alikufa. Nililipa, na kwa bei niliyotajiwa nadhani alikuwa jogoo wa ukoo wa kifalme.

Asubuhi nikaenda kuzitazama nguzo. Nikang'oa moja kwa mkono mmoja kama muhogo. Ilikuwa imeingia ardhini futi moja tu, bila zege, bila hata jiwe. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anapita na nyavu zake begani, akasimama. "Mwanangu, umetweka tanga bila nanga." Akaenda zake mpaka kwenye mwembe, akageuka: "Funga kumba. Upepo unataka njia, mpe njia."

Kwa wasiojua: makuti ya viungo ni ya kuezekea, makuti ya kumba ni kuti linalosukwa kwa ajili ya ua. Linaziba macho ya watu lakini halizuii hewa. Babu zangu wamekaa nyuma ya kumba maisha yao yote, na mimi nilikwenda kununua bati!

Zilibaki siku kumi na mbili. Fundi sikumwita tena, na yeye hakupokea simu, kwa hiyo tulikubaliana.

Kilichonitesa ni mashimo. Nilitaka futi mbili na nusu, lakini mchanga wa huku ukichimba futi moja kuta zinamiminika, shimo linakuwa bakuli. Siku nzima nikachimba mabakuli matatu. Jioni nimekaa nimechoka nikakumbuka wachimba visima: wanaweka kalvati la zege, wanachota mchanga ndani yake, kalvati linajishukia lenyewe na mchanga wa pembeni hauingii. Nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikaikata kitako. Kesho yake nikamwaga maji ardhini mchanga ushikane, nikachimba futi ya kwanza kwa beleshi, nikaikalisha ndoo humo, nikawa nachota mchanga kwa kopo huku naizungusha ndoo kulia na kushoto kama mtu anayekuna nazi. Ikazama! Nikachota mpaka mdomo wa ndoo ukawa sawa na chini ya shimo la juu. Nguzo ndani, zege kidogo, unashindilia, unavuta ndoo kwa mkono wake taratibu, zege tena. Uivute kabla zege halijashika, maana ya kwanza niliichelewesha na mpaka leo iko chini. Kwa ndoo ya pili nilisimika nguzo 18 kwa siku tatu, na mtoto wa jirani alileta wenzake kuangalia.

Zege ni saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, kama kawaida. Mchanga nunua. Yupo aliyeniambia niuchote ufukweni ni bure, kana kwamba hauna chumvi; huyo simsikilizi tena hata kwenye mambo ya mpira. Ncha za nguzo nilizichoma moto mpaka zikawa nyeusi kwa sababu ya mchwa. Wengi hupaka oili chafu, lakini kisima chetu kiko hatua chache tu na maji yale tunayanywa. Halafu fito tatu za kulala, chini, katikati na juu, na kumba juu yake. Kumba nilizipata kwa jero, nyingine mia saba, inategemea mama anayesuka ameamkaje. Jumla na kila kitu sidhani kama ilifika laki nne, ukiacha jogoo.

Upande wa jiko sikuweka kumba, cheche moja inatosha. Hapo nilirudisha yale mabati, nikiyaacha na nafasi ya vidole vinne kati ya bati na bati, na nguzo zake nimezizika futi tatu. Sirudii kosa.

Mama mkwe alifika kumba za mwisho zikiwa bado chini. Nilikuwa nafunga kwa waya. Nikamwamkia, akaitikia, akaushika waya, akautazama kama kitu kilichotoka puani. "Baba, hapa na bahari ni pua na mdomo. Huu mwaka hauishi umeliwa na kutu. Mitepe, majahazi ya kale, ilishonwa kwa nini, si kwa kamba ya usumba wa nazi? Na ilikaa majini." Akaagiza kamba, akaomba kigoda, na kwa wiki mbili, goti limenyooshwa mbele, alifungua mafundo yangu yote moja moja na kuyafunga upya. Nusu ya ua huu ni wake, na ndiyo nusu iliyonyooka.

Sasa ni mwaka wa pili. Kumba za upande wa kusini zimeanza kukatika, nimeshaagiza hamsini za kubadilisha. Mwezi uliopita yule fundi wa mabati alibisha hodi, akaongea habari za mvua, habari za watoto, kisha akauliza kama ile ndoo bado ninayo. Nikamwazima. Ameirudisha mkono umekatika.