SAT ilinisumbua kidogo, fomu ya kihamba ndo ilitutoa jasho

Kila nikisema nimepata chuo Marekani na gharama karibu zote wanalipa wao, watu wananiuliza nani kanipitishia jina. Hakuna. Baba ana kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, huku Kibosho, migomba, kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa, mama anauza ndizi soko la Kiboriloni, na kwenye ukoo mzima hatuna mtu mwenye cheo. Naandika maana nimechoka kuona wadogo zangu wanaliwa hela na watu wenye ofisi na mabango. Mimi mwenyewe nilishakaa mbele ya jamaa mmoja wakala wa vyuo Arusha, ghorofani, AC inapuliza, akaniambia nilete laki nane za kufungua faili halafu nitafute ndugu mwenye biashara anikopeshe milioni kadhaa zikae benki mwezi mzima ili steitimenti ipendeze. Nikamuuliza sasa nikionekana nina hela si watataka nilipe hizo hela? Akanijibu binti, wewe haya mambo ni mgeni. Laki nane! Mama auze mikungu mingapi. Nikamwambia nakuja, mpaka leo nakuja.

Haya, SAT kwanza, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, maana watu wanaiogopa bure. Siku hizi ni ya kompyuta, huku kwetu nje ya Marekani ilihamia huko 2023, wenyewe wakafuata 2024. Unaweka programu inaitwa Bluebook kwenye laptopu au tableti, simu haikubali. Maswali 98, ya Kiingereza 54 na ya hesabu 44, masaa mawili na dakika 14, ukipata yote ni 1600. Humo humo Bluebook kuna mitihani kamili ya kujipima na ni bure, mazoezi ya Khan Academy nayo bure, kwa hiyo anaekuuzia fotokopi za enzi za mtihani wa karatasi anakuuzia karatasi tu. Laptopu niliazima kwa dada mmoja mwalimu, mchana nashinda maktaba ya mkoa pale mjini, usiku naunga bando la usiku ambalo ni rahisi. Ada ya mtihani kwa sisi wa nje inakaribia laki tatu ukiweka na makato, na ule msamaha wa ada mnaousikia mitandaoni ni wa wanafunzi wa kwao, usipoteze muda kuutafuta.

Hesabu kama umepita mchepuo wenye hesabu, PCM au EGM, utazijua, nyingi ni za fom thrii na fom foo. Balaa ni kasi. Na sisi tuliokuzwa na kile kijitabu cha majedwali ya hesabu, foo figa, kikokotoo tunakiona ni dhambi, kumbe humo ndani ya mtihani wamekuwekea Desmos inayochora grafu kabisa! Siku nilipogundua inavyofanya kazi nilicheka peke yangu maktaba mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Chukua swali kama hili: mstari y = 2x + c unagusa y = x² - 4x + 7 sehemu moja tu, c ni ngapi? Kwa mkono unahamisha, unapanga upya, unaingiza ile fomula ya chini ya kipeuo, ukikosea alama ya kutoa umekwisha. Kwenye Desmos unaandika zote mbili kama zilivyo, yenyewe inakuletea kitelezi cha c, unakiburuta kwa kidole taratibu, mstari unashuka, unashuka, mpaka unagusa tumbo la ile bakuli sehemu moja, unasoma: c ni -2. Umemaliza, jirani yako bado anaandika b mraba. Nilifanya mazoezi ya hicho kitelezi mpaka naota.

Kingine ni kwamba kila somo lina vipande viwili, na ulivyofanya cha kwanza ndo kunaamua cha pili kiwe kigumu au chepesi, ukipelekwa kwenye chepesi zile alama za juu ziage. Kwa hiyo kipande cha kwanza usikimbie. Na kosa halipunguzi alama, usiache swali tupu hata moja. Kwenye Kiingereza mimi nilikuwa naruka mwanzo, naanza na maswali ya mwisho ya nukta na viunganishi maana hayo yana kanuni, ndo narudi kwenye yale ya maana ya neno. Siku ya mtihani mtandao ulikatika katikati na kaka mmoja nyuma yangu akaanza kulia kweli kweli, lakini Bluebook inaendelea tu bila mtandao, inauhitaji wakati wa kuanza na wa kutuma. Kama hujui hilo unaweza kuzimia. Nikatoka na elfu moja mia nne na chenji, mtoto wa shule ya kata, niache nijisifu kidogo.

Kuna vyuo vingi bado havilazimishi SAT, ila MIT waliirudisha 2022, halafu 2024 wakatangaza Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na wengine. Ukiweza ifanye.

Sasa hela. Vyuo binafsi vya kule vinavuka dola 80,000 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya milioni 200 zetu, kwa hiyo ukisikia mtu kapewa skolashipu ya nusu usimpongeze haraka. Usihangaike na FAFSA, ni fomu ya kuombea hela ya serikali yao, mgeni hagusi. Unachotafuta ni vyuo vinavyotoa msaada kulingana na uwezo wa familia na kuwapa hata wageni. Viko vichache ambavyo vinakuchagua bila kuangalia kama una hela, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin wamo, vingi vingine vinaangalia. Kuna na Berea kule Kentucky ambako hakuna anaelipa ada, wanafunzi wote wanafanya kazi hapo hapo chuoni. Ubalozi wa Marekani Dar una ofisi ya EducationUSA, ushauri wao ni bure, niliwasumbua sana.

Vyuo vingi vya aina hii vinataka fomu ya kueleza mali na kipato cha familia, inaitwa CSS Profile. Hapo ndo nilipojua SAT ilikuwa mchezo.

Swali moja linauliza nyumba yenu ina thamani gani kwa sasa. Nikamuuliza baba, jioni, tuko jikoni. Baba akakaa kimya, halafu akasema "mama, hao watu wanataka kununua?" Nikasema hapana baba, wanataka kujua tu ikiuzwa leo ni bei gani. "Kihamba hakiuzwi." Najua baba, ila kama kingeuzwa. "Babu yako amezikwa pale kwenye miti ya sale, na baba yake pia, utamuuza na babu?" Bibi nae akaingilia kwa Kichaga, hayo sitayaandika. Ba'mdogo wa Dar akapigiwa simu ili atuokoe, yeye akashauri niandike baba alishafariki ndo wanahurumia zaidi. Simu iko spika, marehemu mwenyewe yuko hapo anapuliza chai.

Nilichofanya, na hapa najipongeza, nilimwita fundi aliyetujengea, akanikadiria tofali, mabati na mbao zinaweza kuwa bei gani, nikaandika thamani ya jengo. Ardhi nikaieleza kwenye ile sehemu ya mwisho ya mazingira ya kipekee, kwamba ni ya kurithi, ya kimila, ina makaburi ya ukoo, baba hana uwezo wa kuiuza hata akitaka. Nafasi ni ndogo, nilikata maneno mpaka bibi akabaki na nusu sentensi.

Kipato ndo kazi nyingine. Hakuna salari slipu ya mgomba. Kahawa ilikuwa rahisi, risiti za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zipo, malipo ya awali na malipo ya pili. Maziwa kuna daftari la chama. Ndizi ndo hazina kumbukumbu yoyote, mama yeye anajua tu leo soko lilikuwa zuri au baya. Nikamwambia mama tuhesabu, msimu wa mvua wiki inatoka mikungu mingapi, kiangazi mingapi, toa nauli, toa ushuru wa soko, toa anayebeba. Akawa anakasirika, "mwanangu unanikagua?" Halafu akili ikanijia: kitabu cha VIKOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa! Kila wiki amenunua hisa, zimegongwa mihuri, wiki mbaya hisa moja, wiki nzuri tano, na mikopo yote ya ada zetu imo. Ile ndo steitimenti ya benki ya mama yangu, nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikatafsiri pembeni.

Barua ya mtendaji wa kijiji nayo, ukimwachia aandike mwenyewe atakuandikia mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, tafadhali mpe ushirikiano. Nenda na rasimu yako yenye mapato na idadi ya wanaotegemea, yeye asome, aulize maswali, agonge muhuri.

CSS inalipiwa, kama dola 25 chuo cha kwanza na 16 kila kinachoongezeka. Nilituma imeili kwa kila ofisi ya misaada nikaeleza hali. Wengine walinitumia namba maalumu ya kujaza bure, wengine wakasema jaza ISFAA, fomu nyingine ya namna hiyo ambayo hailipiwi, kimoja hawakujibu mpaka leo. Imeili haigharimu kitu, tuma. Ada ya maombi kwenye Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi, nayo inaombewa msamaha, mwalimu wako anathibitisha.

Kuna chuo kilirudi kuniuliza mbona matumizi yenu ni madogo hivi, mnakula nini? Nikawaandikia ukweli: ndizi hatununui, maharage hatununui, maziwa hatununui, kuni tunakata, tunanunua sukari, chumvi, mafuta na sabuni, na nyama sikukuu. Aliyejibu alishukuru kwa maelezo, na ndo hicho hicho nakwenda.

Nilipotoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kila mtu alinishauri nianze chuo hapa kwanza nihamie baadae. Angalieni hapo, ukishasajiliwa chuo unahesabiwa mwanafunzi wa kuhamia, na misaada ya wageni wa kundi hilo ni michache mno. Nikakaa nyumbani mwaka, majirani wakanisema wee. Ila makaratasi ya Bodi ya Mikopo niliyaweka tayari, cheti cha kuzaliwa nilikihakiki RITA mapema, picha na kitambulisho cha mdhamini, ili Marekani wakikataa nisianze kukimbizana na wakili dirisha likiwa linafungwa.

Majibu yanatoka mwishoni mwa Machi. Msaada umefunika ada, chumba na chakula, tikiti ya ndege na viza ni juu yetu, na malipo ya pili ya kahawa yameishia huko pamoja na mchango wa ukoo. Viza ilikuwa dola 185, na kulikuwa na dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje, ambazo unalipa kabla ya intavyuu, risiti yake ichapishe, usitegemee ya kwenye simu.