La ya Mackie Messer

Usiku huu kichwani mwangu kuna mi-so-la tu. Ndizo sauti zinazofungua wimbo wa Mackie Messer, ambao Kurt Weill aliutunga kwa ajili ya Die Dreigroschenoper, tamthilia ya muziki iliyoonyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza tarehe 31 Agosti 1928. Wengi wameujua kwa jina la Mack the Knife, kupitia waimbaji wa Marekani Louis Armstrong au Bobby Darin, wakadhani ni jazi tangu kuzaliwa kwake. Kumbe mtunzi alikuwa mwanafunzi wa mtunzi Busoni, na mwaka 1924 alikuwa ametunga konseto ya fidla na ala za kupuliza, kazi kavu inayomnyima msikilizaji pa kuegemea. Naamini ni mkono uleule.

Chukua doh = C. Mkono wa kushoto ushike do-mi-so. Sauti inapanda mi, so, inatua kwenye la na kukaa, kisha inarudia mi, so, la. Hiyo la haimo katika kodi, yaani sauti zinazolia pamoja, iliyo chini yake. Hapo ndipo waimbaji wa kwaya, hasa waliolelewa na sol-fa, wanapokosea: sikio linataka la ishuke kwenye so ipumzike, basi wanaitelezesha kidogo, karibu bila kujua. Wimbo unakuwa mtamu, na utamu huo unauua. Dawa yake ni kushika do-mi-so kwenye kinanda na kuimba la peke yake kwa mapigo 8, sauti imenyooka, bila mtetemo, mpaka msuguano wa so na la uzoeleke masikioni.

Kila ubeti una vipimo 16, na hakuna kibwagizo. Mahadhi hayabadiliki. Papa ana meno, nayo yako usoni. Macheath, mhalifu ambaye ndiye Mackie Messer, ana kisu, nacho hakionekani. Kisha maiti zinafuatana: tajiri ametoweka, Jenny Towler amekutwa na kisu kifuani, moto wa Soho, mtaa wa London, umewaua watoto saba na mzee mmoja. Ndivyo zilivyokuwa Moritat za Ujerumani, nyimbo za mauaji zilizoimbwa gulioni mbele ya picha za kuchorwa. Msimulizi anataja, anapita. Ukianza kulia au kutisha kwa sauti kwenye ubeti wa tatu, wa moto utauimbaje?

Mwendo nao una mtego. Jaribu mapigo 66 kwa dakika, mawili kwa kila kipimo. Ubeti utachukua kama sekunde 29, na beti 6 karibu dakika 3. Bendi huanza hapo vizuri, lakini kwa kuwa mahadhi ni yaleyale, kila mmoja anasukuma kidogo ili asichoshe. Kufika mwisho mmekuwa mnakimbia, na maneno yamemezwa.

Kinachobadilika ni kile Weill alichokiweka chini ya mahadhi. Unaanza kama kinanda cha mtaani cha kuzungushwa kwa mkono, kisha ala zinaingia ubeti kwa ubeti. Kwa hiyo acha bendi ikue, mwimbaji abaki palepale. Darin, mwaka 1959, alichukua njia nyingine: anapandisha ufunguo nusu hatua mara tano, kutoka B bemoli hadi E bemoli. Kwake inafaa, maana ubeti wa moto haumo. Ukiipandisha hivyo huku unaimba watoto walioungua, umegeuza msiba kuwa sherehe.

Weill alijali mno nani anapiga nini. Hata alipofika New York mwaka 1935 na kuanza kuandikia kumbi za maonyesho za Broadway, ambako watunzi wengi waliwaachia wengine kazi ya kugawa ala, yeye aliifanya karibu yote kwa mkono wake. Kule Berlin bendi ilikuwa na watu 7 walioshika ala zaidi ya 20. Mpiga tromboni anageukia besi kubwa, mwenye banjo anachukua gitaa au bandoneoni (aina ya kodiani), mwenye saksafoni anashika filimbi na klarineti.

Wanaojaribu leo huanguka kwenye kugeuza ala. Klarineti iliyolala kwenye stendi imepoa, inaingia chini ya sauti, na la ile iliyopiganiwa na mwimbaji inachafuka. Weka alama kwa penseli vipimo 4 kabla ya kila kugeuza, na mpulizaji aipashe moto ala kwa pumzi, kimya, kabla ya nota yake ya kwanza.