Siku Moja Maishani Mwangu: Alfajiri Jaji Yumo Kwenye Karatasi Yangu ya Kura, Saa Tatu Nimesimama Mbele Yake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nje bado giza na kioo cha gari kimeganda barafu. Nakunywa chai ya tangawizi nikiwa nimesimama. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mkalimani wa Kiswahili mahakamani hapa Ohio, Marekani. Leo ni Jumanne ya uchaguzi wa Novemba, na ni mara yangu ya kwanza kupiga kura tangu nilipokula kiapo cha uraia.

Saa kumi na mbili na nusu. Vituo vinafunguliwa. Futi 100 kutoka mlangoni wamechomeka vibendera vidogo, na kampeni zote zinaishia hapo. Nikishapita bendera, hakuna anayeruhusiwa kunipa hata kikaratasi.

Juu ya karatasi ya kura kuna meya, kisha madiwani, kisha bodi ya shule. Chini kabisa, majaji. Kila kiti kina majina na tarehe muhula unapoanza, basi. Chama hakiandikwi. Wagombea wengi wamepitia mchujo wa vyama mwezi Mei, lakini Novemba sheria ya Ohio haiweki chama mbele ya jina la jaji wa mahakama inayosikiliza kesi mara ya kwanza. Matokeo yake, watu wakifika hapo chini huacha wazi, au huchagua jina la ukoo walilolizoea masikioni. Jirani yangu aliniambia hivyo bila kuona haya: "Sijui hata mmoja, nimeruka."

Mimi siwezi kuruka. Mmoja wa hao namfahamu sauti yake, namna anavyovua miwani akitaka kusikiliza vizuri. Nimechagua nani, hiyo inabaki baina yangu na karatasi.

Saa mbili na robo. Mlangoni mwa mahakama nabandua kile kibandiko wanachompa kila aliyepiga kura, nakitia mfukoni. Mkalimani haingii chumba cha mahakama na alama yoyote ya uchaguzi. Naangalia orodha: kesi moja ya Kiswahili asubuhi, mbili mchana.

Hii ni mahakama ya manispaa: makosa madogo, trafiki, madai ya hadi dola 15,000, watu kutolewa kwenye nyumba za kupanga. Wengi wetu wahamiaji tukikutana na sheria, tunakutana nayo hapa. Jaji wake anachaguliwa kwa miaka sita. Lazima awe mwanasheria mwenye angalau miaka sita ya kazi, na akishafika umri wa miaka 70 hagombei tena. Huyu wetu alianzia kuwa mwendesha mashtaka wa jiji, akateuliwa na gavana kujaza kiti kilichobaki wazi, kisha ikambidi asimame mbele ya wapiga kura ili abaki nacho. Leo anakiomba tena.

Saa tatu. Amekwisha kukaa. Pembeni yangu yuko baba mmoja kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Kesi yake si yangu kuisimulia, kanuni zetu zinakataza. Ila maneno ninayoyafasiri husomwa kwa kila mshtakiwa, na hayo nitayaeleza.

Hapa majibu makuu ya mshtakiwa ni matatu: nina hatia, sina hatia, na la tatu, "sipingi". Hilo la tatu ndilo linalonitoa jasho. Si kukiri hatia. Ni kukubali kwamba mambo yaliyoandikwa kwenye shtaka ni ya kweli, na kauli hiyo haiwezi kutumiwa dhidi yako katika kesi nyingine baadaye. Lakini mtu wetu akisikia "sipingi" anaelewa "nimekubali kosa". Nimeshaona nyuso zikibadilika.

Kisha jaji anasoma onyo la asiye raia: ukitiwa hatiani unaweza kufukuzwa nchini, kuzuiwa kuingia tena, au kunyimwa uraia. Nikasema "uraia wa tajnisi", kama nilivyofundishwa nyumbani. Baba akanitazama, macho matupu. Ananong'ona, "Ndugu, iyo tajinisi ni nini?" Siruhusiwi kumjibu mwenyewe. Nikainua mkono: "Mheshimiwa Jaji, mkalimani anaomba ruhusa ya kufafanua neno moja." (Ndivyo tunavyojitaja, kwa nafsi ya tatu, ili rekodi isichanganye sauti yangu na yake.)

Jaji akavua miwani. Chumba kimejaa, zaidi ya watu thelathini wanasubiri, na ni siku ambayo kazi yake mwenyewe iko kwenye sanduku la kura. Akasema, "Tuna muda." Akarudia sentensi nzima kutoka mwanzo, polepole. Nikafasiri: "kuomba na kupewa uraia wa nchi hii." Baba akashusha pumzi, akasema anataka kwanza kuongea na avoka, yaani wakili. Akapewa tarehe nyingine.

Wapiga kura hawakuiona dakika ile. Na baba yule, aliyekuwa na haja nayo kuliko mtu yeyote mle ndani, hana kura.

Saa sita mchana. Tanga ni saa mbili usiku. Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshachagua?"

Namweleza kuhusu jaji, anacheka kwanza, kisha ananyamaza. "Jaji anaomba kura kama diwani? Na aliyemnyima kura akipelekwa kwake?"

Kwetu jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, kwa hiyo swali lake ni la haki. Nikamwambia kura hapa ni siri. Nikamwambia pia Ohio walianza kuwapigia majaji wao kura kwa katiba ya 1851. Mwaka 1938 na tena 1987 wananchi waliulizwa kama wauache mtindo huo, wakakataa mara zote mbili.

"Na pesa za kampeni?" Mama haachi kitu. Jaji haruhusiwi kumwendea mtu mmoja mmoja kumwomba mchango, kamati yake ndiyo inayopokea. Lakini miongoni mwa wachangiaji wamo mawakili wanaosimama mbele yake. Hilo linanisumbua, na sikumficha mama. Hata hivyo naona kosa kubwa zaidi ni lile la jirani yangu. Tulio na uraia tukiruka sehemu ya majaji, tunawaachia wengine wamchague mtu atakayewahukumu ndugu zetu.

Saa saba na nusu hadi kumi. Kesi mbili za trafiki. Zinaisha haraka.

Saa moja na nusu usiku. Vituo vinafungwa. Nakula wali na maharage simu ikiwa mezani. Zinatoka kwanza kura za mapema, meya juu, na nashusha kidole hadi chini kabisa. Jaji wetu anaongoza kwa kura chache. Nikijumlisha kura za kiti chake, ni pungufu sana kuliko za meya. Karatasi ni ileile moja.

Saa nne. Nafungua daftari langu la istilahi. Nakata "uraia wa tajnisi" kwa mstari mmoja, na pembeni naandika: *kuomba na kupewa uraia wa nchi hii*. Kesho saa tatu, chumba kilekile.