Siku yangu na faili moja, na kalamu nyekundu ya bosi

Saa 12:15 asubuhi. Nimesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara, faili kifuani. Nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ndogo ya mawakili huku Kariakoo. Chuoni tulikaririshwa IRAC, njia ya kupanga uchambuzi wa kesi, mpaka tukaiota: hoja, sheria, uchambuzi, hitimisho. Kuitumia ndiyo shughuli.

Saa 2:30. Mteja ni dada aliyeajiriwa kuuza kwenye duka la vitambaa. Anaanzia mbali: shemeji wa tajiri, funguo zilizopotea, bili ya umeme. Namwacha aongee, mimi naandika tarehe tu. Alianza 3 Februari kwa mkataba wa majaribio wa miezi 3. Ulipoisha akapewa wa kudumu. 15 Agosti ikaingia meseji ya WhatsApp: "Kesho usije." Leo ni 10 Septemba.

Saa 4:00. Naandika hoja: "Je, mteja aliachishwa kazi isivyo haki?" Bosi anapita na kikombe cha chai, anachungulia. "Msomi, hiyo ni kesi nzima. Upande wa pili watabisha wapi hasa?" (Ukiitwa msomi ofisini kwetu, ujue umeharibu.) Narudi kwenye barua ya mwajiri. Anadai dada kafanya kazi miezi 3 na ushee, akihesabu kuanzia mkataba wa pili. Kumbe ugomvi uko hapo. Nafuta, naandika: "Je, muda wa mkataba wa majaribio unahesabiwa?"

Saa 5:20. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga ya kutoachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi aliyetimiza chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Hayo maneno "au zaidi" nimeyapigia mstari mara mbili.

Saa 7:00. Ugali, dagaa.

Saa 8:10. Uchambuzi, na hapa ndipo jasho lilipo. Rasimu yangu: "Kwa mujibu wa sheria hiyo, mteja analindwa." Kalamu nyekundu pembeni: "Kwa nini?" Naandika upya: mikataba yote miwili imesainiwa na mwajiri yule yule, wa pili ulianza siku iliyofuata baada ya wa kwanza kuisha, na kutoka 3 Februari hadi 15 Agosti ni miezi 6 na siku 12. Kalamu tena: "Wao watajibuje?" Watasema majaribio si ajira kamili. Ila kifungu hakitaji majaribio, kinahesabu muda wa ajira. Safari hii karatasi inarudi bila wekundu.

Saa 9:40. Nusura niaibike. Kwa kanuni za mwaka 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku ya 30 ni 14 Septemba, Jumapili. Jambo hilo nililiweka ukurasa wa tatu, chini kabisa! Bosi kalipandisha mstari wa kwanza, hakusema neno. Fomu tunapeleka kesho.

Saa 11:15. Dada anapiga. "Kaka, tutashinda?" Hitimisho kwenye karatasi ni rahisi. Namwambia hoja ya miezi haitutishi, na kwamba mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha alikuwa na sababu ya haki. Asiifute ile meseji.

Kimya.

"Nilishaifuta kwa hasira. Ila nilimfowadia mdogo wangu."

Basi kesho saa 2 waje wote wawili, na hiyo simu iwe na chaji.