Kumbe yale mekundu hayakuwa tambuu peke yake

Mamangu ni mtu wa tambuu, lile jani la kutafuna na popoo. Kijaluba chake anacho tangu mie sijazaliwa, ndani mna popoo, katu, chokaa na tumbaku kidogo, na akipanda boti Pemba kuja huku pochi anaweza akaisahau lakini kijaluba ng'o. Kwa hiyo mate yake nimeyaona mekundu maisha yangu yote wala sikuwahi kujiuliza.

Mwaka jana kaja kukaa kwangu Ng'ambo, hapa Unguja mjini, kwa ajili ya kliniki ya sukari, nikamzuia tambuu (vita vilivyopigwa humu ndani msiniulize). Siku ya nne asubuhi naingia kunawa nakuta sinki jekundu. Mama, umetafuna nini weye? Akaapa wallahi hajatia kitu, kapiga mswaki tu. Ndo moyo ukanipasuka, ile damu, na imeanza lini nani atajua, si ilikuwa inajificha kwenye tambuu siku zote!

Yeye anasema uzee, tena ati mswaki mgumu. Akasukutua maji ya chumvi siku mbili tatu, damu ile ile, nikambeba mpaka kwa daktari wa meno.

Daktari ana kijichuma chembamba kina mistari, anakidumbukiza baina ya jino na ufizi, anamtajia msaidizi wake aandike: tatu, tatu, tano, sita, tano. Mama kaninong'oneza, "Mbona hajui kuhesabu huyu?" Nilicheka mpaka basi. Kumbe zile ni milimita. Ufizi mzima kina chake hakizidi 3, ukishafika 5 au 6 pale pana mfuko, na ndani ya mfuko umejaa ukoga. Ukoga unaanza laini, utando wa bakteria tu, mswaki unautoa, ukiachwa ndo unakuwa mgumu kama jiwe na hapo upige mswaki mpaka mkono uchoke hautoki, mpaka ukwanguliwe. Fizi zikiwa zimevimba tu zinarudi, ila mfupa ulioshika jino ukishaliwa haurudi tena, na ubaya wake ugonjwa huu hauumi, mtu anakuja kujua jino linacheza.

Sasa lililonikaa ni la sukari. Sukari ikiwa juu mwili unashindwa kupigana na wale bakteria, fizi zinaharibika haraka, halafu fizi nazo zikivimba muda wote kemikali za ule uvimbe zinaingia mpaka kwenye damu na insulini, ile inayoshusha sukari, inafanya kazi kwa tabu, yaani hivi vitu viwili vinachocheana. Utafiti umeonesha mgonjwa wa sukari akitibiwa fizi, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c, kinasomwa kwa asilimia) kinashuka kwa wastani karibu pointi 0.4, si kitu cha kuachia dawa lakini si kidogo. Na miaka yote ya kliniki tunaangaliwa miguu, tunaangaliwa macho, hajatokea hata mmoja akamwambia mama fungua mdomo.

Zile klipu za watsapu kwamba fizi mbovu zinaua moyo msizibebe nzima nzima. Wenye fizi mbovu wanaonekana kuugua moyo zaidi, kweli, lakini kwamba hili ndo linaloleta lile haijathibitishwa, wengi wao wana sukari au wanavuta sigara. Na wavutaji msijisifu fizi zenu hazitoi damu, sigara inabana mishipa, ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Mama kakwanguliwa kwa awamu, damu imepungua sana. Popoo nimemwambia tangu 2004 imewekwa kwenye orodha ya vinavyoleta kansa, hata bila tumbaku, akanijibu bibi yake kafa na meno yake yote. Kijaluba nimekificha juu ya kabati na anajua kiko wapi.

Jana usiku napiga mswaki, kaja kanisimamia mlangoni, "Hebu tema nione." Nikatema. Pinki.

Alhamisi naenda.